Vilém Heckel, mpiga picha wa milima na viwanda: maswali mnayoniuliza kila mara

Kila nikimtaja huyu mzee wa Kicheki kwa vijana ninaowafundisha kamera, maswali yanayokuja ni yaleyale. Nimeamua kuyaweka sehemu moja ili nisiwe narudia kama kasuku. Karibu wote huwa mnaanza na kifo chake, mimi naanza na kazi, kwa hiyo mwenye haraka na habari za tetemeko ashuke moja kwa moja sehemu ya nne.

## 1. Ni nani huyu

Kwa kifupi Vilém Heckel alikuwa nani?

Mpiga picha Mcheki, kazaliwa 21 Mei 1918 mjini Plzeň, kafariki 31 Mei 1970 kule Peru chini ya mlima Huascarán, yaani alikuwa ametimiza miaka 52 siku kumi tu kabla. Alianzia kwao Plzeň, baadaye akahamia Praha. Wenzake wanamkumbuka kwa mambo mawili ambayo kwa haraka haraka unaona hayakai pamoja: milima kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili mitambo, magari, pikipiki na vyuma vya kiwandani. Alafu alikuwa mpanda milima mwenyewe, sio yule anayekaa hotelini na lenzi ndefu anasubiri mawingu yapite. Kama picha ilikuwa juu ya mwamba, naye alikuwa juu ya mwamba.

Hilo jina linatamkwaje?

Vilém sema "Vileem", mkazo weka mwanzoni, ndo William wa Kicheki. Heckel ni "Hekel" tu, wala usiumize kichwa. Plzeň ndo inayovunja ulimi maana p, l na z zinafuatana bila irabu hata moja, lakini ukisema "Pilzeni" watakuelewa. Na kumbe mji huo unaujua bila kujua: ndo Pilsen, bia ya aina ya pilsner ilianza kupikwa pale mwaka 1842, na lile neno kwenye chupa za baa za Kenya na Tanzania limetoka hapo.

Alikuwa Mcheki au Mchekoslovakia?

Vyote viwili, na hata kidogo zaidi. Amezaliwa Mei 1918 wakati kwao bado ni chini ya kaisari wa Austria na Hungaria, Chekoslovakia ikatangazwa 28 Oktoba mwaka huohuo, mtoto ana miezi mitano. Nchi hiyo ikaja kugawanyika 1 Januari 1993 zikawa Ucheki na Slovakia, yeye keshafariki zamani. Ndo maana kwenye maandishi ya zamani utaona Chekoslovakia na ya sasa hivi yanasema Mcheki, hakuna aliyekosea.

Ujana wake pia ulikuwa wa misukosuko: Wajerumani waliiteka nchi Machi 1939 akiwa na miaka 20, Plzeň ikakombolewa na jeshi la Marekani tarehe 6 Mei 1945, alafu Februari 1948 wakomunisti wakachukua serikali. Kazi yake kubwa yote ameifanya ndani ya mfumo huo wa mwisho, shika hilo maana linarudi kwenye swali la propaganda.

Kwani Ucheki kuna milima? Mbona tunaambiwa ni nchi ya vilima tu?

Kuna milima ila sio mirefu. Sněžka, mlima mrefu kuliko yote Ucheki, una mita 1,603. Nairobi iko kwenye mita 1,795 hivi, kwa hiyo mtu anayekunywa chai mjini Nairobi yuko juu kuliko Mcheki aliyesimama kileleni kwao. Lakini enzi za Heckel nchi ilikuwa moja na Slovakia, na Slovakia kuna Tatra Kuu ambazo kilele chake kirefu, Gerlach, kina mita 2,655. Hiyo ndo milima yenye meno kabisa, kuta za mawe, theluji na upepo wa kukutupa.

Na kuna kitu kingine watu wanakisahau, minara ya mawe ya mchanga kaskazini mwa Ucheki, hasa eneo linaloitwa Český ráj. Ile mawe ni laini, kwa hiyo wapandaji wa kule wana sheria zao kali tangu zamani, hawachomeki vyuma kwenye nyufa, wanatumia mafundo ya kamba. Mtu aliyejifunza kwenye mawe kama hayo kichwa chake kinatulia, huwezi kurukaruka.

## 2. Viwanda

Aliishi kwa kuuza picha za milima?

Milima peke yake ingemlisha kwa shida sana. Mkate ulitoka viwandani. Alipiga picha za mashine na magari, zikaingia kwenye matangazo na vitabu vya kuonyesha bidhaa, hasa bidhaa za kuuzwa nje ya nchi. Wapenda magari ya zamani wa kule wanamjua kwa picha za magari na pikipiki za Chekoslovakia za miaka ya 50 na 60, na wengine hata hawajui kwamba ni jamaa huyohuyo wa milima.

Mimi nawaambia vijana wangu usione aibu kupiga harusi wiki nzima ili Jumapili upige ndege wako. Ila kwa Heckel kuna zaidi ya hiyo, nimeeleza kwenye swali la mwisho la sehemu ya tatu.

Škoda, kile kiwanda cha kwao Plzeň, ni ile ya magari?

Hapa wengi wanachanganya, na mimi nilichanganya muda mrefu. Škoda ya Plzeň ni kiwanda cha mitambo mizito: turbini, treni, vyuma vikubwa vya kusubu, na zamani mizinga ya vita. Emil Škoda alikinunua mwaka 1869. Magari yanatoka mji mwingine kabisa, Mladá Boleslav, kwenye kampuni iliyoanzishwa 1895 na Laurin na Klement, ikaungana na Škoda mwaka 1925 ikachukua jina. Baada ya vita serikali ikataifisha kila kitu na zikatengana tena, jina likabaki pande zote mbili.

Kwa hiyo mtoto wa Plzeň miaka ile amekua kwenye mji ambao honi ya kiwanda ndo saa ya mji. Na kiwanda chenyewe kilipigwa mabomu na ndege za Marekani 25 Aprili 1945, vita imebakiza siku chache tu iishe, sehemu kubwa ikawa kifusi. Kilichofuata ni kujenga upya.

Kiwanda kinahitaji mpiga picha wa nini?

Fikiria unauza turbini. Mteja yuko bara lingine, hakuna intaneti, hakuna video ya kumtumia kwenye simu, na turbini huwezi kuibeba kwenye begi ukampelekea sampo. Unachoweza kumpelekea ni kitabu chenye picha. Biashara ya nje ya Chekoslovakia ilikuwa mikononi mwa makampuni ya serikali, moja ikishika magari na pikipiki, nyingine mitambo, na nchi ilikuwa inazitaka sana fedha za kigeni. Picha mbaya ilikuwa hasara ya kweli kabisa.

Hii tabia ya Wacheki kuuza bidhaa za viwandani kwao hadi mbali sio ngeni kwetu. Viatu vya Bata vilivyovaliwa na shule nzima vina asili ya mji wa Zlín, na kiwanda cha Limuru kilianza kabla babu zenu wengine hawajaoa.

Kupiga mashine kuna ugumu gani? Si haitikisiki?

Ngoja nikae hapa maana ndo penyewe.

Kwanza karakana ni giza. Sio giza la usiku, ni ile giza yenye madirisha ya juu yanayowaka meupe, katikati moshi, chini weusi wa grisi. Filamu ya enzi zile haikuwa na uwezo wa kumeza tofauti kubwa hivyo ya mwanga, ukipatia dirisha mashine inakuwa kivuli, ukipatia mashine dirisha linaungua. Na wakimimina chuma kilichoyeyuka ndo balaa, kile chuma kinawaka kama jua na mtu aliyesimama pembeni yake haonekani hata kofia.

Dawa yao ilikuwa hivi. Kamera kwenye stendi nzito, shata inaachwa wazi, alafu mtu anatembea gizani na taa au balbu za flashi anamulika sehemu moja baada ya nyingine, kama anapaka rangi kwa brashi. Balbu ya flashi ya zamani inawaka mara moja tu inakufa, unatoa, unaweka nyingine, inakuunguza vidole. Na filamu ikikaa wazi muda mrefu inachoka, haipokei mwanga kwa hesabu ileile, kwa hiyo sekunde kumi za kwenye karatasi inabidi uzifanye ishirini au zaidi. Hilo hakuna kioo cha nyuma cha kukuonyesha, unajua ukishasafisha picha kwenye chumba cha giza, na kama umekosea kiwanda hakitawasha tanuri upya kwa ajili yako.

Pili kuna mistari. Mashine kubwa ukiipiga kwa kuinamisha kamera juu inaonekana inaanguka nyuma. Mteja ni injinia, hataki turbini inayoanguka. Ndo maana wapiga picha wa viwanda walipenda zile kamera kubwa za mvukuto, zile ambazo lenzi unaweza kuipandisha peke yake huku filamu imebaki wima, mistari ikanyooka. Na ukiipinda lenzi kidogo mbele unaweza kupata mashine yote kali kuanzia bolti ya karibu mpaka mwisho wa shafti.

Tatu ni ukubwa. Mashine ya tani mia kwenye picha inaweza kuonekana kama mashine ya kusagia nyama. Inabidi umuweke mtu pale, lakini mtu anayefanya kazi, sio anayetabasamu kamera imekuja. Fundi akijua anapigwa picha anasimama kama yuko studio ya passport. Unakaa naye mpaka akusahau.

Hizo picha si zilikuwa propaganda ya wakomunisti?

Swali zuri na silikwepi. Miaka ya 50 huko kote picha ya kiwanda ilikuwa na kazi ya siasa, mfanyakazi shujaa kifua mbele, chimni, bendera. Mtu aliyekuwa anapiga viwanda vya serikali kwa hela ya serikali hawezi kusema yeye alikuwa kisiwani. Plzeň yenyewe Škoda iliwahi kubadilishwa jina ikaitwa viwanda vya Lenin, sasa hapo utasema nini.

Ila kuna kitu kinachookoa picha za biashara ya nje: mteja alikuwa wa nje. Huwezi kumuuzia mtu trekta kwa kumuonyesha bendera, anataka aione trekta. Kwa maoni yangu hiyo ndo iliyompa Heckel nafasi ya kupumua. Anaangalia chuma kama chuma, mwanga unavyotambaa juu yake, basi. Wengine mtasema namtetea, sawa.

## 3. Milima

Alipanda wapi na wapi?

Nyumbani Tatra na ile minara ya mchanga, alafu na misafara ya Chekoslovakia akaenda Kavkazi, Hindu Kush, na mwisho Andes za Peru. Kumbuka hiyo ilikuwa nchi ambayo raia hatoki hivihivi, unahitaji kibali, na fedha za kigeni hununui dukani. Msafara mmoja wa mbali ulikuwa ni miaka ya makaratasi. Kwenye timu kama hiyo mpiga picha hapewi nafasi kwa sababu ni mtu mzuri, anabeba mzigo kama wengine na juu yake anaweka kamera.

Theluji inapigwaje? Mimi yangu inatoka ya kijivu.

Itatoka ya kijivu tu, kwa sababu kipima mwanga cha kamera ni kijinga, kinadhani kila kitu duniani kina wastani wa kijivu. Kikiona nyeupe tupu kinasema "aisee mwanga mwingi" kinapunguza, theluji inakuwa kama sufuria ya aluminiamu. Ongeza hatua moja na nusu mpaka mbili juu ya kinavyokuambia. Hii hata kwa simu inafanya kazi, na hata kama hujawahi kuona theluji jaribu kwenye chumvi au mchanga mweupe wa Paje utaona nachosema.

Kwa picha nyeusi-nyeupe kuna suala la anga. Filamu bila kichujio inaliona anga la buluu kama jeupe, na theluji nyeupe, kwa hiyo mlima unapotea hewani. Ukiweka kichujio cha njano anga linatulia, cha chungwa linakuwa zito, chekundu linakuwa karibu jeusi na mlima unatoka kama umechongwa. Ukizidisha nyekundu juu kabisa milimani, ambako anga lenyewe tayari ni zito, unapata picha ya mwezini.

Na baridi je, kamera haigandi?

Inaganda. Mafuta ya ndani ya shata yanakuwa mazito kama samli ya asubuhi, shata uliyoiweka moja ya mia inafunga pole pole kama mlango wa zizi, kwa hiyo waliokwenda kwenye baridi kali kamera zilisafishwa mafuta kabla. Filamu inakauka inavunjika ukiizungusha kwa nguvu. Kwenye hewa kavu na baridi ukirudisha filamu haraka inatoa cheche za umeme, na zile cheche zinajipiga picha zenyewe, unakuta radi ndogo ndogo zimekatiza uso wa rafiki yako. Ukiingia hemani penye joto la jiko, lenzi inatoa jasho, usiku linaganda.

Sasa weka juu yake kwamba umefunga glavu, umefungwa kamba na mwenzako, na mwanga mzuri unakaa dakika nne. Nikiona mtu analalamika betri ya simu imefika asilimia kumi huwa nanyamaza tu.

Milima na viwanda vinahusiana nini lakini? Ni kama watu wawili.

Nilivyoanza kumsoma nilidhani hivyohivyo, kwamba kiwanda ni kazi na mlima ni mapenzi. Sa hivi naona ni jicho moja.

Rudi kwenye yale matatizo ya karakana niliyoyataja sehemu ya pili: mweupe unaoungua na mweusi unaomeza, mistari inayolala, ukubwa usioonekana, na mtu mdogo wa kupimia. Yote manne unayakuta kwenye ukuta wa mlima saa kumi na mbili asubuhi. Barafu iliyopigwa jua na ufa ulio kivulini ni tanuri na kona ya karakana. Mpanda milima kwenye ukingo wa theluji ni yule fundi pembeni ya turbini, yuko bize, hakuangalii, na bila yeye hujui kama jiwe lile lina mita tano au mia tano.

Alafu kuna nidhamu ya kuhesabu. Kiwandani tanuri linafunguliwa mara moja, mlimani wingu linafunguka mara moja, kote huna nafasi ya pili, kwa hiyo unafika mapema, unaweka stendi, unapima, unasubiri. Wapiga picha wengi wa milima ni watu wa hisia, wanalia wakiona machweo. Heckel analeta hisia hiyohiyo kwa bisibisi. Mlima wake una bolti.

## 4. Peru, 1970

Safari ya Peru ilikuwa ya nini?

Ilikuwa msafara wa wapanda milima wa Chekoslovakia kwenda Cordillera Blanca, safu ya milima ya barafu mkoa wa Ancash, shabaha ikiwa Huascarán. Walikuwa watu 15, kiongozi alikuwa Arnošt Černík, na ndani yake alikuwemo pia Valerián Karoušek ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa uchongaji sanamu. Mei ndo mwanzo wa kiangazi cha kule, msimu wa kupanda, kwa hiyo tarehe walichagua vizuri. Kambi waliiweka kwenye bonde la Llanganuco, kwenye maziwa mawili ya maji ya kijani karibu mita 3,850 juu ya bahari.

Walianza vibaya. Mwezi huohuo wa Mei mwenzao Ivan Bortel alianguka akafa. Wakabaki 14.

Siku ya 31 Mei ilitokea nini?

Ilikuwa Jumapili. Saa 9 na dakika 23 alasiri tetemeko la ukubwa wa 7.9 likapiga, kitovu baharini karibu na pwani ya Chimbote. Kutoka kilele cha kaskazini cha Huascarán barafu na mwamba vikakatika. Kwenye bonde la Llanganuco, ambalo ni jembamba na limebanwa na kuta za mawe pande zote mbili, poromoko likashuka juu ya kambi. Wote 14 wakafa, Heckel akiwemo. Hakuna aliyebaki wa kusimulia upande wao.

Ni poromoko lilelile lililofukia mji wa Yungay?

Tetemeko ni moja, poromoko sio lilelile, na hii naomba mnisaidie kusahihisha watu. La Yungay lilikatika kilele hichohicho cha kaskazini likaelekea magharibi, likasafiri kilomita zaidi ya kumi na nne kwa dakika tatu hivi, barafu ishayeyuka kuwa tope lenye mawe makubwa kama nyumba. Mji wenye watu karibu 20,000 ukatoweka. Waliopona ni wachache waliokimbilia kilima cha makaburi chenye sanamu ya Kristo, na watoto kama 300 waliokuwa sarakasi pembeni ya mji. Kwenye uwanja wa katikati zilibaki ncha za minazi ile ya mapambo, minne, imetokeza juu ya tope.

Kwa Peru nzima siku ile ilichukua watu karibu 70,000. Ndo maana mimi nikielezea Heckel sipendi kusimulia kama vile mlima ulikuwa unamsubiri yeye.

Waliweka kambi sehemu ya hatari? Si walikuwa wataalamu?

Kila mwaka kuna mtu ananiuliza hivi kwa sauti ya hakimu. Ishara zilikuwepo: Januari 1962 sehemu ya kilele hichohicho ilikatika bila tetemeko lolote ikaua watu karibu 4,000 upande wa Ranrahirca. Kwa hiyo mlima ulijulikana tabia yake. Lakini Llanganuco ndo njia ya kawaida ya kuingilia, kuna maji, kuna tambarare, na hata leo watu wanapita hapo kila siku. Tetemeko la aina ile hakuna anayelijua kesho yake. Maelfu walikuwa wamelala vitandani mwao kwa kizazi baada ya kizazi palepale chini, hao nao tutawauliza?

Kweli ilikuwa siku ya Kombe la Dunia?

Kweli. Mashindano ya Mexico yalifunguliwa siku hiyohiyo, Mexico na Wasovieti wakatoka 0-0. Na cha ajabu nchi zote mbili, Peru na Chekoslovakia, zilikuwa zimefuzu. Tarehe 2 Juni Peru wakacheza na Bulgaria wamevaa vitambaa vyeusi mkononi, wakafungwa mbili kwanza, wakarudisha wakashinda 3-2. Kesho yake Chekoslovakia wakatangulia kuwafunga Brazil ya Pelé, wakaishia kufungwa 4-1.

Huascarán ni mrefu kuliko Kilimanjaro?

Tena kwa mbali, una mita 6,768 na Kili 5,895, yaani tofauti ya 873. Kilele cha kaskazini ni kifupi kidogo, kama 6,650 hivi, na alichokifikia mwanamke Mmarekani, Annie Peck, mwaka 1908 na waongozaji wawili wa Kiswisi ndo hicho. Kwenye ramani Huascarán upo nyuzi 9 kusini mwa ikweta, mstari mmoja na Mbeya, ila barafu yake ukilinganisha na ya Kibo ni kama pipa na glasi.

## 5. Madogo madogo na ya pembeni

Nikimpenda Heckel nimtafute nani mwingine wa kwao?

Josef Sudek, aliyepoteza mkono wa kulia vita ya kwanza ya dunia na bado akawa anabeba kamera kubwa mitaa ya Praha. Karel Plicka kwa mandhari na watu wa Slovakia. Josef Koudelka kama unataka damu ichemke, kasome alipiga nini Agosti 1968 vifaru vilipoingia Praha, na yeye kumbe alikuwa injinia wa ndege.

Naweza kuchukua picha zake nikaziweka kwenye kalenda ya ofisi?

Usifanye hivyo bila ruhusa. Sheria ya kule inalinda kazi miaka 70 baada ya mwandishi wake kufa, hesabu inaishia mwisho wa mwaka. Amekufa 1970, kwa hiyo ulinzi unakwisha 31 Desemba 2040. Warithi wapo. Kuonyesha darasani ukijadili ni kitu kingine, kuuza kalenda ni wizi.

Sina Škoda wala Tatra, nianzie wapi?

Gereji. Nenda kwa fundi chuma mtaani kwako jioni, omba ruhusa, kaa siku tatu bila kupiga kitu. Siku ya nne weka simu kwenye stendi, fungua ile sehemu ya kurekebisha kwa mkono, sekunde nane, mwambie mdogo wako apitishe tochi pole pole kwenye injini iliyofunguliwa. Asimulike kamera, na asisimame sehemu moja. Utaharibu ishirini, ya ishirini na moja utaipenda. Miwani vaa kama wanachomelea, mimi niliwahi kujifanya mjuaji nikalala na viazi machoni usiku kucha.

Leo ukifika Llanganuco unaona nini?

Mwaka 1975 eneo lote lilifanywa hifadhi ya taifa ya Huascarán, kwa hiyo unaingia kwa tiketi. Kutoka Yungay mpya ni kama kilomita 25 za kupanda. Yungay ya zamani haijachimbwa, serikali iliitangaza kuwa makaburi na watu wanaotembea juu yake wanatembea juu ya mji. Juu kwenye bonde utakuta ziwa Chinancocha, maji ya rangi ambayo ukiipiga kila mtu atasema umeichezea kwenye kompyuta, na miti yenye magome mekundu yanayobanduka kama karatasi. Watalii wengi wanaishia hapo, wanapanda mtumbwi, wanarudi. Ukiendelea mbele kuelekea ziwa la pili, Orconcocha, kuna kumbukumbu ya wale Wachekoslovakia, katikati ya mawe makubwa yaliyotapakaa bondeni. Asubuhi kuta zinakaa kivulini muda mrefu huku kilele kinawaka, kwa hiyo pima mwanga wa mawe, kilele kiache kiungue kidogo.